Kioo cha Mbali Ndani ya Kivinjari: Kuendesha Seva ya Linux Kutoka Dindira

Eneokazi la mbali humwezesha mtu kuona na kuendesha kompyuta isiyokuwa mbele yake. Kompyuta hiyo inaweza kuwa Dar es Salaam, Tanga mjini au Ulaya. Mwenye kuitumia yuko Dindira, kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe, na alichonacho ni kompyuta mpakato ya kawaida na bando la intaneti. Anafungua kivinjari kilekile anachosomea habari, anaandika anwani, anaweka jina na nenosiri lake, na kioo cha ile kompyuta ya mbali kinatokea ndani ya ukurasa pamoja na madirisha, mafaili na programu zake zote. Akibofya huku, kinafunguka kule. Kwenye kifaa chake hapakiwi programu yoyote mpya, na hapo ndipo njia hii inapoachana na zile za zamani zilizotaka kila mtumiaji awe na programu maalumu.

Faida yake inaonekana vizuri zaidi mahali ambapo kazi ni moja na watu wametawanyika. Chama cha akiba na mikopo kinaweza kuwa na karani Dindira, mwingine Bungu na mhasibu Korogwe mjini, huku daftari la hesabu likiwa moja. Faili likipelekwa kwa flashi ndani ya gari linaloshuka mlimani, baada ya wiki kunakuwa na nakala tatu za daftari lilelile, kila moja ikiwa na tarakimu zake, na hakuna ajuaye iliyo sahihi. Eneokazi la mbali linaliacha daftari lilipo na kuwaleta watu wote kwake.

Kinachosafiri kwenye mtandao ni picha tu. Kazi yenyewe hufanyika kwenye seva, kwa kichakato na kumbukumbu ya seva, na mafaili hayatoki kwenye diski yake. Kwa mtumiaji inashuka picha ya kioo. Kutoka kwa mtumiaji zinapanda herufi anazobonyeza na mienendo ya kipanya. Picha hiyo ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Kioo cha upana wa nukta 1280 na kimo cha nukta 720 kina nukta 921,600, na kila nukta ikichukua baiti 3, picha moja ina karibu megabaiti 2.8. Zikitumwa 25 kila sekunde bila kubanwa, gigabaiti nzima ya bando ingekwisha kwa sekunde zipatazo 15. Ndiyo maana programu za aina hii hutuma tu sehemu ya kioo iliyobadilika, tena ikiwa imebanwa. Karani akiandika herufi moja kwenye jedwali, kinachotumwa ni kijisanduku kidogo kilichozunguka herufi hiyo, na kioo kilichobaki hakiguswi. Karani huyohuyo akifungua video ndani ya seva, kioo karibu chote hubadilika kila mara, na bando huyeyuka.

Wazo la kutenganisha kioo na kompyuta ni la zamani. Mfumo wa X, ambao kwa miaka mingi umechora madirisha ya Linux, ulianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani, na toleo lake la 11 likatoka mwaka 1987. Mwaka 1998 maabara ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge, Uingereza, ilitoa bure VNC, itifaki inayopeleka kioo cha kompyuta yoyote kwenye kompyuta nyingine yoyote. Mwaka huohuo Microsoft iliingiza itifaki yake ya RDP katika Windows NT 4.0 ya seva. VNC na RDP ndizo zinazotumika hadi leo, na seva ya Linux inaweza kuzungumza zote mbili.

Kwa Afrika Mashariki kulikuwa na kikwazo cha umbali. Kabla ya nyaya za baharini, sehemu kubwa ya intaneti ya kimataifa ilipitia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Herufi iliyobonyezwa ilipaswa kupanda na kushuka, kisha jibu lake lipande na kushuka tena, na safari hiyo peke yake ilikula karibu nusu sekunde. Mwandishi mwenye mkono mwepesi alimaliza neno zima kabla herufi yake ya kwanza haijatokea. Waya wa Seacom uliofika Dar es Salaam Julai 2009 uliondoa safari hiyo ya angani, na tangu hapo kufanya kazi kwenye kompyuta iliyo ng'ambo kukawa jambo la kuvumilika.

Kilichobaki ni kivinjari. Kwa muda mrefu kivinjari kilijua kuomba ukurasa na kupokea, basi. Kioo cha mbali kinahitaji njia iliyo wazi muda wote, pande zote mbili zikizungumza bila kusubiri zamu. Njia hiyo, WebSocket, ilikamilishwa kama kanuni rasmi ya intaneti Desemba 2011. Nayo HTML5 ikakipa kivinjari turubai ya kuchorea. Vitu hivyo viwili vikatosha.

Programu mbili huria ndizo zinazojulikana zaidi kwa kazi hii. noVNC ni nyepesi: huchukua kioo cha VNC na kukionyesha ndani ya kivinjari kwa msaada wa programu ndogo ya Websockify. Inamfaa mtu mmoja mwenye seva moja. Apache Guacamole ni pana zaidi. Ilipokewa katika malezi ya shirika la Apache mwaka 2016 na kuwa mradi kamili mwaka 2017. Jina lake ni la chakula cha Meksiko cha parachichi lililopondwa. Guacamole inazungumza VNC, RDP na SSH, itifaki ya kuendesha seva kwa amri kupitia njia iliyofumbwa; ina majina ya watumiaji na mipaka ya kila mmoja, na inaweka kumbukumbu ya nani aliingia lini. Kwa ofisi yenye watumiaji zaidi ya mmoja, Guacamole ndiyo ya kuchagua. Wepesi wa noVNC haulipi gharama ya kutojua nani kaingia lini.

Kabla ya kupakia chochote, lazima iamuliwe seva itakaa wapi. Wengi hufikiri kwanza kuiweka ofisini, Dindira kwenyewe, na modemu ya laini ya simu. Njia hiyo ina vikwazo viwili. Cha kwanza ni umeme. Wilaya ya Korogwe inazalisha umeme yenyewe: kituo cha Hale kwenye Mto Pangani, chenye uwezo wa megawati 21, kimekuwepo tangu mwaka 1964. Lakini kuwa karibu na chanzo hakuuzuii mti wa mlimani kuangukia waya. Cha pili hakionekani kwa macho. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, hazizidi bilioni 4.3 duniani kote, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wateja hao wanaweza kutoka nje kwenda kokote, lakini aliye nje hana njia ya kumfikia mmoja wao. Seva iliyo nyuma ya laini kama hiyo haipatikani.

Dawa ya kawaida ni kukodi seva pepe kwenye kituo cha data chenye umeme wa akiba na anwani yake ya wazi. Ikiwa lazima kompyuta ibaki ofisini, basi yenyewe ndiyo ianze safari: inachimba njia ya siri kwa SSH au WireGuard hadi kwenye seva ndogo ya kukodi, na wageni wanaingia kwa kupitia njia hiyo. WireGuard imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, hivyo hakuna cha ziada kinachohitajika ila vifaa vyake vya kuipangia. Kuhusu ukubwa, kumbukumbu ya gigabaiti 4 inawatosha watu wawili au watatu wa kazi za maandishi na majedwali. Kinachoimaliza ni vivinjari vinavyofunguliwa ndani ya seva yenyewe.

Seva nyingi za Linux huja bila eneokazi lolote. Kuna terminali nyeusi na amri tu. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kwenye Debian au Ubuntu, ni kuongeza eneokazi na seva ya VNC. Eneokazi linalofaa ni XFCE, lililo jepesi na lisilodai kadi ya michoro. Amri ni moja: `sudo apt install xfce4 dbus-x11 tigervnc-standalone-server`. Kisha anatengenezwa mtumiaji wa kawaida kwa kila atakayefanya kazi humo. Eneokazi lisiendeshwe kamwe kwa mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, kwa sababu kosa dogo la kipanya katika mamlaka hayo linaweza kufuta mfumo mzima.

Kila mtumiaji anaweka nenosiri la VNC kwa amri ya `vncpasswd`. Katika ukaguzi wa asili wa VNC, ni herufi 8 za mwanzo tu zinazosomwa. Nenosiri la herufi 20 haliongezi kitu. Hii ni sababu tosha ya kutouacha mlango wa VNC wazi kwenye intaneti. Faili la `xstartup` linaandikwa mstari wa `exec startxfce4`, na eneokazi linawashwa kwa `vncserver :1 -localhost yes -geometry 1280x720`. Neno `localhost` hapo ndilo kufuli: linaiamuru VNC isikilize ndani ya seva tu, kwa mlango namba 5901. Eneokazi la pili litakuwa 5902, na kuendelea. Ili haya yote yajiwashe seva inapozimika na kuwaka tena, amri hiyo huandikwa kama huduma ya systemd, programu inayowasha huduma za Linux.

Guacamole yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni `guacd`, mkalimani anayesimama katikati: upande mmoja anazungumza VNC na eneokazi, upande wa pili anazungumza lugha ya Guacamole kwa mlango wa 4822. Ya pili ni programu ya tovuti iliyoandikwa kwa Java, inayokaa ndani ya Tomcat, seva ya programu za Java, kwa mlango wa 8080 na kumpa mtumiaji ukurasa wa kuingilia. Anayezijenga kwa mkono aangalie toleo la Tomcat. Guacamole 1.5 inafanya kazi na Tomcat 9. Kwenye Tomcat 10 haiwaki, kwa kuwa majina ya maktaba za Java yalibadilishwa kati ya matoleo hayo mawili, na mtu anaweza kupoteza siku nzima akitafuta kosa ambalo hakulifanya.

Njia ya haraka ni kutumia makontena ya Docker, ambamo kila sehemu huja imeshapangwa. Yana mitego miwili. Ndani ya kontena, `localhost` ni kontena lenyewe wala si seva iliyolibeba, kwa hiyo `guacd` aliyeambiwa atafute VNC kwenye `localhost` hataikuta mpaka kontena lipewe mtandao wa seva. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: mlango unaofunguliwa na Docker hupita kando ya fayawoli ya `ufw`. Msimamizi anaamini 8080 imefungwa, kumbe dunia nzima inaiona. Mlango wa namna hiyo ufungwe kwenye anwani ya 127.0.0.1 tangu mwanzo, na amri ya `ss -tlnp` itumike kuthibitisha ni milango gani inasikiliza na kwa anwani ipi.

Watumiaji wachache wanaweza kuandikwa kwenye faili la `user-mapping.xml`, lakini hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL ni bora, kwani msimamizi anaongeza na kuondoa watu kwa kubofya. Hifadhidata hiyo huanza na mtumiaji mmoja, `guacadmin`, na nenosiri lake ni neno hilohilo. Kila mwenye nia mbaya duniani analijua. Kazi ya kwanza kabisa baada ya kuingia ni kutengeneza msimamizi mwingine na kumfuta huyo. Baada ya hapo unaundwa muunganisho: itifaki VNC, mlango 5901, na lile nenosiri la herufi 8 linawekwa humo mara moja. Karani halijui wala halihitaji; yeye ana nenosiri lake refu la Guacamole.

Sasa mlango wa nje. Nenosiri likisafiri kwa HTTP tupu, yeyote aliye katikati ya njia anaweza kulisoma. Kwa hiyo mbele ya Tomcat inawekwa Nginx, inayopokea wageni kwa mlango wa 443 kwa njia iliyofumbwa na kuwapeleka ndani kwa 8080. Inahitaji jina la tovuti na cheti. Cheti hutolewa bure na Let's Encrypt, huduma iliyofunguliwa kwa umma Desemba 2015. Kinadumu siku 90, na programu ya Certbot hukihuisha yenyewe. Katika mpangilio wa Nginx mambo mawili husahaulika: kuruhusu vichwa vya `Upgrade` vinavyobeba WebSocket, na kuandika `proxy_buffering off`. Yakikosekana, ukurasa unafunguka na nenosiri linakubaliwa, ila kioo kinakokota au kinabaki cheupe, na watu huulaumu mtandao wa simu bure.

Fayawoli iruhusu milango mitatu tu: 22 wa SSH, 80 anaoutumia Certbot, na 443. Mpangilio wa amri ni muhimu hapa. SSH iruhusiwe kwanza, ndipo `ufw` iwashwe. Anayeanza kwa kuwasha hujifungia nje ya seva yake mwenyewe, na kutoka Dindira hawezi kwenda kuigusa. Atabaki kutegemea terminali ya dharura ya waliomkodisha.

Juu ya nenosiri inaongezwa namba ya mara moja. Guacamole ina kiongezo cha TOTP kinachodai tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30. Simu huzikokotoa kwa siri iliyowekwa siku ya kwanza na saa ya wakati huo, bila kupokea ujumbe wowote, hivyo zinapatikana hata pale ambapo ujumbe mfupi unachelewa kufika. Sharti lake ni saa ya simu na ya seva kwenda sawa. Zikipishana kwa dakika chache, kila namba itakataliwa.

Baada ya yote hayo, linakuja suala la kufanya kazi kwa mtandao unaopanda na kushuka. Kioo kipunguzwe rangi: rangi za biti 24 ni zaidi ya milioni 16, za biti 16 ni 65,536, na jedwali la hesabu halipotezi chochote kwa upungufu huo. Picha ya nyuma ya eneokazi iwe rangi moja, vivuli na mbwembwe za madirisha vizimwe, na sauti iondolewe. Hatua hizi ndogo hubadilisha kazi isiyowezekana ikawezekana. Kupakua nako hugeuka. Seva ikichukua faili la gigabaiti 1 kutoka intaneti, inalichukua kwa mtandao wake yenyewe. Bando la karani linapungua kwa picha ya mstari wa maendeleo tu. Anachopaswa kuhesabu ni faili analolileta kwenye kifaa chake. Menyu ya Guacamole, inayotokea kwa Ctrl, Alt na Shift pamoja, au kwa kuvuta kidole kutoka ukingo wa kushoto wa simu, hubeba maandishi ya kunakili na, SFTP ikiwa imewashwa, mafaili pia. Anayetaka kuchapa huhifadhi waraka kama PDF, akauvuta kwa menyu hiyo na kuuchapa kwa printa iliyo karibu naye.

Lililo kubwa kuliko yote kwa mtu wa mlimani hutokea mtandao unapokatika. Kivinjari kinaonyesha kuwa muunganisho umepotea, lakini eneokazi kwenye seva halina habari. Linaendelea. Jedwali liko wazi, hesabu iliyokuwa ikienda inaenda, na sentensi iliyoandikwa nusu imebaki nusu, kishale kikiwa palepale. Umeme ukikatika Dindira saa nane mchana, karani anaweza kutembea hadi penye mtandao, akaingia kwa simu ya mwenzake saa kumi na kuikuta kazi kama alivyoiacha. Kompyuta ya ofisini isiyo na betri ingekuwa imezima na kupoteza yote ambayo hayakuhifadhiwa.

Urahisi huohuo una upande wake wa hatari, kwa sababu anayelipata nenosiri analipata daftari lote. Kila mtu awe na jina lake. Nenosiri la ofisi nzima lililobandikwa ukutani linaifuta maana ya kumbukumbu za kuingia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na kumbukumbu hizo ni sehemu ya ushahidi. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Chama chenye majina, mikopo na namba za simu za wanachama kinapaswa kulijua hilo kabla ya kukodi seva ya ng'ambo kwa sababu tu bei yake ni nafuu.

Utunzaji wa baadaye ni kazi ndogo inayorudiwa. Masasisho ya Linux na ya Guacamole yanapakiwa yanapotoka, hasa yale ya usalama. Karani akiacha kazi, jina lake linafungwa siku hiyohiyo, na ukurasa wa vikao vilivyo hai unaangaliwa kuhakikisha hajabaki ndani, kwani kufuta jina peke yake si lazima kumtoe aliyekwisha kuingia. Nakala za akiba za mafaili na za hifadhidata ya Guacamole zinahifadhiwa mahali pengine kabisa, si kwenye diski ya seva ileile, na mara moja moja nakala moja inarudishwa kwenye kompyuta tupu ili kuona kama inafunguka.